Mama Mkwe Anaoga

Usiku ule, ule wa kuamkia siku ya kumaliza msiba wa Bibi Gama, nililala na pedi ya marehemu kifuani. Msinicheke. Wengine hulala na rozari, mimi nililala na pedi ya kuchezea gemu, yenye kitufe kimoja kilichofungwa plasta ya kidonda, na waya wake nimeuzungushia mkononi asije mtu akaniibia. Nani aje kuiba? Nalala peke yangu, hata panya wa chumba kile walishahama kwa njaa. Lakini msiba ukikuingia unakuwa na akili za kuku.

Ndoto niliyoota haina mlango, mtu anaweza kuingilia dirishani akapotea. Kwa hiyo ngoja kwanza niwaweke sawa.

Bibi Gama alikuwa Mngoni, alikuja Makambako zamani kwa kuolewa, akabaki. Mimi ni Mhehe. Mababu zetu walipigana mpaka wakachoka, wakatuachia utani. Basi yeye ananiita mla mbwa, mimi namwita mla panya, na kwa kuwa ni bibi, hapohapo ni mke wangu. Asubuhi napita kibandani, nasema, "Mke wangu, chai iko wapi?" Anajibu, "Chai ya mwanaume asiyenunua sukari iko mtoni, kainame unywe." Ndiyo mapenzi yetu yalivyokuwa.

Alikuwa na kibanda cha gemu nyuma ya mashine ya kupasulia mbao. Kilikuwa cha mwanawe. Mwanawe akaenda mjini kutafuta maisha, Bibi akabaki analinda tivii. Masika ikaja, ikakaa, akachoka kufuma vitambaa, akashika pedi. Tangu siku hiyo vijana wa Makambako tulikoma.

Gemu tunalocheza ni la marobo. Majitu ya chuma, marefu kama minara ya simu, yanapigana milimani. Lakini si lile la kubonyeza ovyo kama unaua sisimizi. Hili ni la zamu. Unasogeza robo lako, unapiga au hupigi, unamwachia mwenzako. Na kila robo lina kipimo cha joto pembeni. Ukifyatua mzinga mmoja, mshale unapanda kidogo. Ukifyatua yote kwa pamoja, mshale unaingia kwenye nyekundu, robo linazima, linasimama kama nguzo ya umeme, na mwenzako akitaka anakuja kulichukua. Likichukuliwa limekwenda. Analibatiza jina lake, analipaka rangi yake, na gemu halina habari na machozi yako.

Robo la Bibi liliitwa Mama Mkwe. Alianza nalo likiwa bovu, mguu mmoja unaburura, akalifunga chuma juu ya chuma, mechi baada ya mechi, mpaka likawa la kuogopwa. Jina hilo alilichagua makusudi. "Nataka kijana akitaka kulipiga," alisema, "aone haya kwanza."

Sasa, Bibi alifariki mechi ikiwa katikati. Alikuwa anacheza na Dulla, fundi simu wa stendi, mtu wa taulo shingoni na hasira za karibu. Wote wawili waliweka marobo yao: atakayeshindwa, lake linakwenda. Zamu ilikuwa ya Bibi. Akasema kifua kinambana, anakwenda kujinyoosha kidogo. "Msiguse zamu yangu," akasema. Hakuna aliyeigusa. Hakurudi.

Mechi ikahifadhiwa vilevile ilivyo. Mama Mkwe joto tupu, mshale umekaribia nyekundu. Robo la Dulla mbele yake, juu ya kilima, nusu limejificha nyuma ya mwamba. Nyuma ya Mama Mkwe bwawa. Dulla si mtu mbaya, msibani alibeba ndoo nyingi za maji kuliko hata wakwe. Ila mechi ni mechi. Ndipo Konsolata, binti wa marehemu, akasema mbele ya watu, "Zamu ya mama ataimaliza mtani wake. Siku ya kumaliza msiba." Wote wakanigeukia, nikatamani kuwa Mmakonde, utani usinihusu.

Kila aliyenipita alinipa ushauri, na ushauri wa wote ulikuwa mmoja: piga yote. Dulla naye chuma kimeshachakaa, mfyatulie kila ulicho nacho, akianguka umeshinda. Asipoanguka je? Hapo kila mtu alikumbuka ana shughuli nyumbani.

Na kingine kilichokuwa kinanikaba. Kwetu mtani ana kazi msibani. Anaiba kitu cha marehemu, anamwigiza marehemu, anatukana kidogo, watu wanacheka huku wanalia, halafu familia inamkomboa kwa kuku na yeye anarudisha. Bila hivyo msiba unakuwa mzito kama ugali wa jana. Siku ya maziko nikafanya yangu: walipotaka kuiweka pedi ndani ya jeneza, nikainyakua, nikaruka nayo kando, nikafungua mdomo niseme, "Huyu mla panya ameondoka na..." Hapo hapo nikalia. Nililia kama mkwe, kamasi na yote. Mzee mmoja akauliza, "Mtani gani huyu anayelia?" Kuku hakuletwa, maana utasemaje unakomboa wakati utani wenyewe haujasemwa? Pedi ikabaki kwangu. Na tangu siku ile, bwana, mzaha ulinikauka. Watu wakinitania nawaangalia tu, kama mbuzi anayesomewa gazeti.

Basi nikalala.

Sijui usingizi uliingia saa ngapi. Nilisikia baridi ya Makambako inapita chini ya mlango, ile baridi yenye harufu ya misonobari, halafu baridi ikawa ukungu, na ukungu ukawa umejaa chumba, na mimi nimesimama ndani yake na pedi mkononi. Kitanda hakipo. Natembea, na chini ya miguu ni unga wa mbao, laini, unanizamisha mpaka vifundoni. Mashine ya mbao inanguruma mahali, lakini mbali, kama mtu anayekoroma nyumba ya pili.

Kibanda kipo mbele yangu. Mlango uko wazi, na ndani kuna mwanga wa asubuhi ingawa nje hakuna jua.

Bibi Gama amekaa juu ya kreti la soda, palepale pake. Miwani yake ile iliyofungwa kwa raba ya suruali iko usoni. Anabangua karanga, maganda anayaangusha sakafuni, na yakifika chini siyaoni tena.

Nikajua amekufa. Hilo nilijua kabisa, wala halikunishangaza. Nilichoshangaa ni kuwa amesuka nywele, wakati alisema toka enzi kuwa amechoka kuvutwa kichwa.

Nikataka kusema, "Mke wangu, umesukia nani huko?" Sauti haikutoka. Nikafungua mdomo tena, ukaingia ukungu.

Hakunisalimia. Alitazama pedi mkononi mwangu, akatazama plasta kwenye kitufe, akasema:

"Zamu yangu imefikia wapi?"

Nikamwonyesha tivii kwa kidole, maana ulimi sina. Lakini tivii si tivii. Ni dirisha, na nyuma ya kioo kuna vilima vile vya kwenye gemu, isipokuwa vimeota alizeti, alizeti mpaka unapoishia ukungu. Bibi akainuka, akafungua dirisha kama mtu anayefungua banda la kuku, akapita. Hakuinama wala hakupanda. Alipita tu. Nikapita na mimi.

Mama Mkwe amesimama kwenye alizeti.

Jamani. Kwenye kioo ni kitu cha kukaa kwenye kiganja. Pale nilikuwa nageuza shingo na bado siuoni uso wake. Chuma chake kina mikwaruzo, kina viraka, kila kiraka naukumbuka mchezo wake. Kiunoni amefungwa khanga. Ndiyo, khanga, kubwa kama turubai la lori, na upepo unaipepea polepole. Joto linamtoka mwilini, alizeti zilizo karibu na miguu yake zimeinamisha vichwa. Nilisikia anapumua.

"Panda," anasema Bibi.

Kuna ngazi. Napanda, na ngazi inakuwa ngazi ya mnara wa kanisa, halafu inakuwa ile ya dari la kwetu Ilula ambako mama alikuwa anaficha mahindi ya mbegu, halafu imekwisha na nimo kichwani mwa Mama Mkwe. Nilitegemea vitufe na taa. Hakuna. Ni jikoni kwa Bibi. Mafiga matatu, sufuria kubwa la maharage, moshi, paka amelala kwenye ungo. Macho ya Mama Mkwe ni madirisha mawili madogo ya jikoni. Na kipimo cha joto ni kile kifuniko cha sufuria: kinatetemeka, kinapiga tatata, tatata, kinataka kuruka.

Dirishani naliona robo la Dulla. Limesimama kilimani nyuma ya mwamba, refu, jeusi, na hata lenyewe lina taulo shingoni.

"Haya," Bibi anasema. Amekaa kwenye kigoda chake, karanga mapajani. "Cheza."

Na mimi nikafanya walichoniambia watu wote. Nikabonyeza. Mkono mzima ukabonyeza, kila kitufe, na hata kile chenye plasta. Mama Mkwe akatetemeka kutoka miguuni, mizinga ikafyatuka mabegani, kiunoni, mahali hata sikujua kuna mizinga, na alizeti zote zikalala chini kama zimepigwa na mvua ya mawe. Nikafurahi kwa kitambo kidogo. Mwamba ukapasuka, vumbi likapanda.

Kifuniko kikaruka. Harufu ya maharage yaliyoungua ikajaa jikoni, moto kwenye mafiga ukazima wenyewe, fuu, na madirisha yakawa meusi. Kimya. Mama Mkwe amezima. Sisikii hata pumzi yake.

Halafu nasikia hatua. Za Dulla. Dumu. Dumu. Zinashuka kilimani bila haraka, zinakuja kuchukua. Nilijua akifika atalipaka rangi yake, atalibatiza jina la kijinga, na asubuhi Konsolata ataniangalia kwa macho yale ya mama yake.

Gizani, Bibi akacheka. Kicheko chake kilekile, cha kuanzia tumboni na kuishia na kikohozi.

"Tena," akasema.

Na tuko tena kwenye alizeti. Zimesimama. Khanga inapepea. Kifuniko kinapiga tatata. Sikumbuki kupanda, ila niko juu, na paka sasa amelala upande wa pili wa ungo.

Nikashika pedi. Vidole vinataka kufanya yaleyale, vidole vyangu mimi havina shule, na vyenyewe viliishia darasa la saba. Bibi akaweka mkono wake juu ya mkono wangu. Ulikuwa wa baridi, lakini si baridi mbaya. Baridi ya mtungi.

"Umeangalia joto langu," akasema. "La kwake umeliangalia?"

Natazama dirishani. Na ndipo naona, na nilivyoona nilitaka kujipiga kofi. Robo la Dulla linafuka moshi magotini. Shingoni, chini ya taulo, chuma kimekuwa chekundu kama jembe lililotoka kwa mhunzi. Limesimama nyuma ya mwamba si kwa ujanja. Limesimama kwa sababu likifyatua vibaya linazima. Kipimo chake kilikuwa kwenye kioo siku zote, pembeni kulia, kila aliyepita kibandani angeweza kukiona. Wote tulimtazama mgonjwa wetu tu.

"Rudi nyuma," anasema Bibi.

Nyuma kuna bwawa. Kurudi nyuma ni kumpa adui mgongo. Nilimtazama, akajua ninachotaka kuuliza.

"Mpe mgongo. Mgongo wangu una nini, si chuma juu ya chuma?"

Basi Mama Mkwe anageuka. Polepole, kama mama mtu mzima anayegeuka kwenye foleni ya kisima kuona nani amemsukuma. Anatembea. Alizeti zinampisha. Anaingia kwenye maji, goti moja, goti la pili, halafu anakaa. Anakaa kabisa, matako bwawani, na maji yanasema chwaaaaa, mvuke unapanda mweupe, unajaa dunia nzima, unaingia jikoni kupitia madirisha, unanilowesha uso. Kifuniko cha sufuria kinapunguza. Tata. Ta. Kimetulia. Naona khanga imeanikwa kwenye mti, na sijui nani ameianika.

Na sasa jikoni si jikoni. Tuko ukingoni mwa bwawa, mimi na Bibi, na Bibi ametia miguu kwenye maji, anasugua kisigino kwa jiwe. Au ni Mama Mkwe anayesugua kisigino. Walikuwa wawili na walikuwa mmoja, msiniulize. Kilimani Dulla, au robo lake, amesimama anatazama.

Bibi akainua kichwa, akanitazama mimi, akamtazama yule wa kilimani, akapaza sauti ya sokoni:

"Geukeni huko! Mwanamke anaoga, mmekodoa macho! Hamkulelewa?"

Na mimi nikacheka.

Kilitoka mahali pa mbali, kile kicheko. Kilipita kifuani kikasukuma kitu kilichokuwa kimekaa pale tangu siku ya maziko, kikakitoa mdomoni kama mfupa wa samaki. Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye unga wa mbao. Na kule kilimani, robo la Dulla likapandwa na hasira. Nililiona. Chuma chekundu kikawa cheupe. Likafyatua yote, yote kabisa, mizinga ikapita juu ya vichwa vyetu, ikaanguka majini mbali, samaki wakaruka. Halafu likazima. Likainamisha kichwa kama mtoto aliyesinzia kanisani.

"Umeona?" Bibi akasema, anaendelea na kisigino chake. "Mlidhani nawapiga kwa vidole. Vidole vyangu vimejaa baridi yabisi, hata sindano vinaangusha. Nilikuwa nawapiga kwa mdomo. Nikimwambia mtu neno moja, anafyatua mwenyewe."

Sauti yangu ikarudi. Kitu cha kwanza nilichosema, Mungu anisamehe, ni:

"Kumbe, mke wangu, ulikuwa mwizi."

"Ndiyo. Na wewe niliyekufundisha, ulipofika kwenye kaburi langu ukalia." Hakuwa amekasirika. Alisema kama mtu anayesema umesahau kufunga mlango. "Walionililia walikuwa wengi. Wa kunichekea nilikuwa na wewe tu."

Nikampa pedi. Hakuipokea.

"Hiyo itakombolewa kwa kuku," akasema. "Usiniharibie mila. Sasa sikiliza. Ukimshinda, gemu litakuuliza, unachukua au unaacha. Mimi nimechukua la nani?"

Nikafikiri. Alitushinda wote, miaka yote, asubuhi na jioni, na kila mmoja wetu alirudi nyumbani na robo lake. Tulidhani ni kuzeeka, kwamba haoni vizuri lile swali kwenye kioo.

"Hakuna," nikasema.

"Ukimchukulia lake, kesho utacheza na nani? Na paka?"

Ukungu unarudi. Unatoka bwawani, unafunika alizeti, unafunika magoti ya lile robo lililolala. Bibi anasimama, anafunga khanga, ile kubwa, na inamtosha. Akachota karanga mapajani, zimebanguliwa, nyekundu, akanyoosha kiganja.

"Chukua, ule njiani."

Na mimi nilikuwa na njaa. Nilinyoosha mkono, jamani, niliunyoosha kabisa. Halafu nikakumbuka anayenipa ni nani, na chakula cha waliotangulia kinampeleka wapi anayekila. Nikaurudisha mkono, nikaupitisha kichwani kama najikuna.

"Mke wangu," nikasema, "nakupenda, ila karanga za huko kwenu siziwezi. Mimi bado wa huku."

Akanitazama juu ya miwani. Akacheka mpaka kikohozi.

"Kumbe una akili, mla mbwa. Nilikuwa nakupima."

Akaenda. Hakwenda mbali, alikwenda tu, na maganda ya karanga yakawa yanadondoka mahali alipokuwa, moja, jingine, jingine, na kila ganda likawa linapiga kidogo, tap, tap, na nikajua ni umande unadondoka kwenye bati, na kwamba macho yangu yako wazi, na kwamba kumekucha.

Nilikuwa nimelala chali. Uso umelowa. Na nilikuwa nacheka, kwa sauti, peke yangu chumbani, mpaka jirani akagonga ukuta: "We Festo, kuna msiba hapa mtaani!" Nikamjibu, "Ndiyo maana nacheka, baba." Sijui alielewaje.

Sikunywa chai. Nilikwenda moja kwa moja kibandani nikiwa bado na ile ndoto mwilini, natembea taratibu kama nimebeba maji yasimwagike. Watu walishajaa, wengine wamepanda juu ya magogo kuchungulia. Konsolata amesimama mlangoni na kitambaa cheusi kichwani. Dulla ameshakaa, taulo shingoni, pedi mkononi, uso mzito. Tivii ikawashwa. Vilima vilevile. Havikuwa na alizeti. Nikaangalia pembeni kulia kabla ya kitu kingine chochote. Kipimo cha Dulla kilikuwa kimekaribia nyekundu.

"Piga yote!" mtu akanipigia kelele sikioni.

Nikamgeuza Mama Mkwe. Nikamtembeza. Nikamkalisha bwawani, mgongo kwa Dulla, nikaachia zamu.

Kibanda kikaguna. Mtu akasema, "Basi, ameshaliuza robo la watu." Dulla akanigeukia kama nimemtemea mate.

"Ndo nini hicho?"

"Mama Mkwe anaoga," nikasema. "Geuka pembeni. Hukulelewa?"

Nilisikia mashine ya mbao inazima huko nje. Halafu Konsolata akatoa sauti, nikadhani analia. Hakuwa analia. Alikuwa ameshika mlango, anacheka, na ni kicheko kilekile kinachoanzia tumboni. Kina mama nyuma yake wakadaka, wakaanza kupiga vigelegele na makofi, na yule mzee wa siku ya maziko akasema, "Ehee! Sasa mtani amefika msibani." Konsolata akapotea nje, akarudi na kuku amefungwa miguu, akanitupia mapajani. "Nimeikomboa pedi ya mama, mla mbwa we. Malizia kwanza, ndipo unirudishie."

Na mimi na kuku wangu, nikamwambia Dulla, "Bado unaangalia tu? Kama umeshindwa kugeuka, mpe basi hata sabuni."

"Ngoja nimpe sabuni!" Dulla akasema, masikio mekundu, na akabonyeza vyote.

Robo lake likafyatua mpaka kioo kikawa cheupe. Maji yakaruka. Moshi ulipotoka, Mama Mkwe alikuwa amekaa palepale, amekwaruzwa bega, mshale wake chini kabisa. La Dulla lilikuwa limezima. Zamu yangu. Nikamwinua Mama Mkwe, anachuruzika, nikampandisha kilimani hatua kwa hatua, mpaka mbele ya lile jitu lililoinamisha kichwa. Maandishi yakatokea kwenye kioo: unachukua au unaacha?

Dulla alishaweka pedi chini. Anatazama sakafu.

Nikabonyeza kuacha.

"Kwa nini?" akauliza, sauti ndogo.

"Mke wangu kasema."

"Kasema lini?"

"Usiku huu. Anauliza, nikikuchukulia lako, nicheze na nani."

Hakuna aliyecheka hapo. Dulla akavuta taulo, akajifuta uso, akajifuta muda mrefu kuliko jasho lililokuwepo. Halafu akaiokota pedi yake sakafuni.

"Haya, mla mbwa," akasema. Yeye si mtani wangu, ruhusa hiyo hana, lakini siku ile nilimwachia. "Washa nyingine."